Injini ya bei poa hutafutwa msibani, mpwa wangu

Mimi mzima, ila mfuko ndio unaumwa. Aliyeuambukiza ugonjwa si mwingine bali mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana mwenye akili nyingi kichwani na grisi nyingi zaidi kwenye kucha.

Jumamosi asubuhi nimejikalia zangu barazani hapa Karatu, ukungu wa Ngorongoro bado haujainuka, nasikia hodi.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Kulikoni asubuhi yote hii?"

"Nimekuja unisaidie mawazo, mjomba."

Sasa wewe msomaji mwenye wapwa unajua. Mpwa akisema anataka mawazo, funga pochi. Nikamkaribisha chai huku mkono mmoja uko kwenye mfuko wa suruali, unalinda.

Kumbe safari hii nilimsingizia. Kijana alitaka mawazo kweli. Mwaka wa pili huu, kwenye gereji bubu moja hapa mjini, anajiundia gari la spoti. Ndiyo, umesoma sawasawa. Gari la watu wawili, halina paa, limelala chini kama kobe, fremu yote bomba za mraba alizochomelea mwenyewe baada ya kazi. Viti anavyo, usukani anao, pua ndefu mbele ipo. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu, injini. Na gari bila injini, kama anavyosema fundi mkuu wa pale, ni kitanda cha bei mbaya.

Hela anayo. Kwa misimu mitatu amekuwa akilima vitunguu Mang'ola, kule chini Ziwa Eyasi, yeye na mama yake, na kila wakiuza anatunza fungu lake. Hapo ndipo kasheshe lilipozaliwa.

"Mjomba, mama anasema zile hela ni za injini. Na mimi nasema ni za injini. Tofauti yetu ni ndogo tu, mama anasema injini ya pampu ya maji."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikaacha kucheka, maana hapo hapachekeshi. Akikosea kununua, hana gari, na vitunguu vya msimu ujao havina maji. Dada yangu hatasema na yeye, atasema na mimi, kwamba "wewe ndiye mjomba, ulikuwepo."

NDOTO ZA SUPRA

"Haya," nikamwambia, "umepanga kuweka injini gani?"

Akatoa simu, akanionyesha video. Injini yenyewe ni ile ya Toyota Supra ya miaka ya 1990, wenyewe wanaiita 2JZ. Silinda 6 mstari mmoja, CC 3000, turbo mbili. Kwa wasiojua, turbo ni ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Wajapani waliiandikia nguvu za farasi 280, na vijana wa mjini huongeza mpaka unajiuliza kama ni gari au ndege ya kwenda Seronera.

Injini tamu, sikatai. Lakini ni kama kumposa binti wa mfalme. Mahari unaweza ukakopa, shida inakuja kwenye kumtunza. Ukishainunua unahitaji giaboksi ya kuhimili ule mtikisiko, unahitaji klachi yake, difu yake, rejeta kubwa, kontroo boksi na waya zake zote. Fremu ya bomba za mraba nayo itasokotwa kama kamba ya katani. Na likifa jambo dogo, spea unaagiza Dar, Dar wanaagiza Dubai, na wewe unakaa Karatu unafuta vumbi.

"Mpwa, hapo umenunua ng'ombe, ila zizi, mchungaji na majani hujaulizia bei."

Akanyamaza. Nikamwambia amalize chai, twende kwa fundi mkuu.

FARASI WANAOCHOKA MLIMA

Njiani nikampa somo ambalo wauza injini wa mabondeni hawakwambii. Karatu tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukipita geti la Lodoare ukapanda mpaka ukingo wa kreta, unafika kama mita 2,300. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inakula hewa iliyopo, haina pa kukopa. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila ukipanda mita 300 injini ya namna hiyo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake.

Piga hesabu mwenyewe. Injini iliyoandikiwa farasi 100 pale Bandari ya Dar, ikifika Karatu wamebaki 85 hivi. Ikifika ukingo wa kreta, wamebaki 77. Wengine wote wamefia njiani, na hakuna matanga.

Kuna jambo la pili. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema. Hapa Karatu sufuria isiyofunikwa inatokota kwenye nyuzi kama 95, haifiki 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta, ule unaobana presha, si wa kuchezea. Mtu anayefunga rejeta kwa kitambaa akapanda ule ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu, atakuta mvuke umemtangulia nyumbani.

La tatu ni kabureta. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikija huku inamwaga petroli nyingi kuliko hewa inayopata, unaona moshi mweusi na plagi zinaziba masizi. Injini za kisasa zenye kontroo boksi zina sensa inayopima hewa, zinajipunguzia petroli zenyewe. Kwa hiyo yule anayesema "chukua ya zamani, ni rahisi" anasema kweli nusu. Nusu iliyobaki utaisikia kwenye kisigino.

WALIOTUTANGULIA WALIFANYAJE?

Mpwa akaniambia, "Lakini mjomba, gari la spoti likiwa na injini ya kawaida si watanicheka?"

Nani akucheke? Nikamkumbusha mbio za Safari Rally za zamani, zile zilizokuwa zikizunguka Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 510, gari la kawaida la baba wa familia. Mwaka 1971 akashinda tena, sasa na Datsun 240Z, gari la spoti hasa, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda na 240Z vilevile. Injini ya ile 240Z ilikuwa ndugu wa damu na ya lile 510. Ukoo mmoja, ila mmoja ana silinda 4 na mwingine 6. Ile ile ya kupeleka watoto shule ndiyo iliyovaa nguo za mbio.

Na huko Uingereza, mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus alitoa gari dogo linaloitwa Seven, mtu anauziwa vipande anajifungia nyumbani. Injini ya kwanza waliyoiweka ilikuwa ya Ford ya kawaida tu, ya CC 1172. Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, akaandika kitabu kizima cha kumfundisha mtu kujiundia gari la spoti kwa pauni 250. Siri yake? Tafuta Ford Escort iliyokwisha, chinja, kila kiungo kina kazi yake. Hakusema Escort ni injini bora duniani. Alichagua Escort kwa sababu kule kwao zilikuwa zimejaa kila uchochoro, zinakufa kwa kutu huku injini bado nzima.

Jirani zetu Kenya mwaka 1986 walianza mradi wa gari lao, Nyayo Pioneer, likazinduliwa 1990. Walitaka kuunda kila kitu wenyewe, gari likatembea, lakini mradi ukakosa hela na magari hayakufika sokoni. Hapa kwetu shirika la jeshi pale Kibaha liliunda malori, likaitwa Nyumbu, jina ambalo sisi wa Ngorongoro tunaliona kila siku likila majani. Na Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme. Kwa hiyo mpwa si mwendawazimu wa kwanza, ila umeme kwa mfuko wake bado, maana betri moja inameza vitunguu vya misimu mingi.

Funzo nililolitoa hapo ni moja. Injini ya bei poa si ile iliyo rahisi siku ya kununua, ni ile ambayo ndugu zake wamekufa wengi karibu na kwako. Siku yako ikiumwa, utapata figo ya kuipandikiza kabla ya jioni.

BARAZA LA GEREJI BUBU

Fundi mkuu tulimkuta amelala chini ya Land Rover, miguu tu ndiyo inayoonekana. Nikasalimia ile miguu, nikaieleza shida. Miguu ikajibu, "Kaka, subiri nitoke, hilo ni jambo la kukaa kitako."

Akatoka, akanawa kwa petroli, akaketi juu ya tairi. Baraza likaanza. Na pale gereji kila mtu ni mshauri, hata yule muuza karanga.

Wa kwanza kusema alikuwa dereva wa watalii. "Wekeni 1HZ, yamekwisha." Hiyo ndiyo injini ya Land Cruiser nyingi unazoziona zikipeleka wageni kreta. Dizeli, silinda 6, CC 4200, haina turbo, na kwa uvumilivu ni punda aliyesoma. Lakini fundi akamkatiza. Ile injini ni pande la chuma, na nguvu zake ni farasi 130 tu na ushee. Ukiiweka kwenye gari dogo la mpwa, pua itainama kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka. Halafu ukiipata nzima, kampuni za utalii zinaitaka na zina hela kukuzidi.

Mzee mmoja wa Land Rover akaleta hoja ya V8. Hapo nikatega sikio, maana mzee anajua anachosema. Ile V8 ya CC 3500 iliyokuja na Range Rover mwaka 1970 imetengenezwa kwa aluminiamu, ni nyepesi kwa umbo lake, na Waingereza waliiweka kwenye magari ya spoti kama Morgan Plus 8 tangu 1968. Kwa mlio, ni kwaya ya kanisa. Kwa petroli, ni mgonjwa wa kiu. Na mzoga wake hapa Karatu utautafuta kwa tochi, ukiupata ni wa kabureta, tumekwishasema habari za kabureta na mlima.

Vijana wawili wa bodaboda wakapiga kelele kwa pamoja, "Altezza!" Ni kweli, Altezza la kati ya 1998 na 2005 linasukuma kwa tairi za nyuma, lina injini ya CC 2000 ya silinda 6 yenye farasi 160, au ile kali ya silinda 4 yenye 210 ikiwa na gia za mkono. Kwa gari la spoti ni jibu zuri kabisa. Tatizo ni hao hao vijana wawili. Kila kijana anayaota Altezza, kwa hiyo likipata ajali tu, mzoga haujapoa, umeshagombewa vipande na bei imepanda mara mbili.

Subaru ikatajwa. Silinda zake zimelala chali, ziko chini, na zenye turbo mlima haziusikii sana. Fundi akatikisa kichwa. "Mimi Subaru nazijua. Ila hapa mjini zinazokufa ni chache, na ukitaka kubadili plagi tu unajikunja kama unatafuta pete ya ndoa mvunguni."

Ikabaki IST. Na hapa baraza likatulia, maana IST ni wimbo wa taifa wa barabara zetu. Yenye injini ya CC 1500 ina farasi kama 109, inatumia cheni badala ya mkanda, petroli inalamba kwa kijiko, na spea zake unazipata mpaka Mto wa Mbu. Kwa mtu anayeanza fremu leo, ningemwambia achukue IST bila kufikiri mara mbili. Ila kuna hila yake. IST inavuta kwa tairi za mbele, na injini yake imekaa ubavu. Huwezi kuiweka kwenye pua ndefu ukatoa shafti kwenda nyuma. Unachofanya ni kuchukua kile kichwa chote cha mbele, injini, giaboksi na mhimili wake, ukakiweka nyuma ya viti. Toyota wenyewe ndivyo walivyofanya mwaka 1984 na gari lao MR2, walichukua injini ya ukoo wa Corolla wakaipeleka nyuma ya dereva.

"Ila mpwa wako," fundi akaniambia, "amekwishachomelea pua ndefu na njia ya shafti katikati. Akiweka IST, avunje fremu aanze upya. Hela ya bomba itoke wapi?"

Mpwa akainama. Mwaka mzima na nusu wa kuchomelea, akikata anazika.

JIBU LILIKUWA LIMEEGESHWA NJE

Yule muuza karanga, ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya, akanyoosha mkono akaonyesha ukutani. "Na ile je?"

Ilikuwa Noah. Noah ya kizamani, zile za kati ya 1996 na 2001, aina iliyobeba abiria mpaka tukasahau kwamba kiwandani ilitengenezwa kwa familia. Imegongwa nyuma, bodi imekunjamana kama karatasi ya maandazi, mwenyewe kaiacha pale muda mrefu. Lakini mbele nzima.

Fundi mkuu akacheka, akajipiga paji la uso. Sikiliza, msomaji. Noah za umri ule zina injini ya 3S, CC 2000, silinda 4, farasi kama 130. Injini imekaa kwa urefu, shafti inakwenda nyuma, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Yaani mpangilio ule ule wa fremu ya mpwa. Ina kontroo boksi, kwa hiyo mlima inaujua. Ina mkanda wa taimingi, ndiyo, lakini kwa injini hii mkanda ukikatika valvu na pistoni hazigongani. Unavuta gari, unafunga mkanda mpya, unaondoka. Kuna injini ambazo mkanda ukikatika unaitisha kikao cha ukoo.

Na mizoga? Barabara yote hii, kutoka Karatu, Rhotia, Mto wa Mbu, Makuyuni mpaka Arusha, Noah zimesafirisha watu miaka na miaka. Mahali ilipofanya kazi nyingi ndipo ilipoacha mizoga mingi. Spea haziko mbali.

Mpwa bado ana donge. "Mjomba, gari la spoti na injini ya Noah? Halafu giaboksi automatiki?"

Nikachukua kipande cha chaki, nikaandika kwenye mlango wa ile Noah. Altezza lile kali lina farasi 210 na uzito wa kilo kama 1,340. Hapa Karatu, mlima ukishachukua zake, farasi wamebaki kama 178. Kila farasi anabeba kilo 7 na nusu. Gari lako likikamilika fundi anakadiria kilo 700. Injini ya Noah, mlima ukishachukua zake, imebaki na farasi 110. Kila farasi anabeba kilo 6 na kidogo.

Kimya. Wale vijana wa bodaboda wakasogea kuangalia chaki.

Sisemi atalishinda Altezza kwenye lami ndefu ya kunyooka, huko farasi wengi watasema, na automatiki itamla kidogo. Lakini kuondoka, kukata kona na kupanda, wepesi ni injini ya pili ambayo haili petroli. Siku akipata giaboksi ya mkono inayokubali, atabadilisha. Leo atembee kwanza.

Halafu tuseme ukweli, atakimbilia wapi? Kreta haingii, kule ni magari yanayovuta tairi zote nne tu, na ile barabara ya vumbi ya ukingoni ingemng'oa sampu kabla hajamwona tembo. Kwake ni lami ya kwenda Makuyuni, na kwenye lami hiyo kila penye nyumba kuna kibao cha 50 na trafiki na tochi yake.

KABLA HUJATOA HELA

Kwa yeyote mwenye ugonjwa kama wa mpwa, haya ndiyo tuliyofanya, na yeye akayaandika kwenye pakiti ya sigara.

Kwanza, injini iwashwe ikiwa bado ndani ya gari lake. Injini iliyolala sakafuni kila moja ni nzima, kama vile marehemu kila mmoja alikuwa mtu mwema. Mimi mwenyewe miaka hiyo niliuziwa injini ya Peugeot 504 iliyofungwa kwa nailoni, imepakwa rangi inang'aa. Ndani pistoni mbili zilikuwa zimeshikana kama maharusi. Mbuzi kwenye gunia, bwana.

Pili, fungua mfuniko wa oili. Ukiona utando kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, gasketi imekwenda. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Halafu mwambie fundi apime kompresheni silinda moja moja. Kinachotakiwa ni zilingane, isiwepo moja iliyo nyuma ya wenzake.

Tatu, nunua mzoga mzima, usinunue injini peke yake. Chukua kontroo boksi, waya zote bila kukata hata moja, pampu ya petroli, rejeta, ekzosi, giaboksi, shafti, difu na mhimili wa nyuma, alimradi vimepona kwenye ajali. Wengi hufilisika kwenye vidogo vidogo. Injini ilikuwa bei ya mbuzi, waya zikaja bei ya ng'ombe. Na shafti ikifupishwa, iende kwa mtu anayejua kuibalansi, la sivyo meno yatakutikisika njia nzima.

Nne, gawa hela mafungu matatu. Moja injini na ndugu zake. La pili breki, tairi na shokapu. La tatu ni la yale usiyoyajua, na amini usiamini, hilo ndilo litakalokwisha kwanza. Breki za Noah zilikuwa zinasimamisha gari lenye uzito karibu mara mbili ya lake, kwa hiyo nguvu si shida. Shida ni uwiano. Gari jepesi nyuma hufunga tairi za nyuma mapema likaserereka, na ukishuka kuelekea Mto wa Mbu ukiserereka, bonde linakungoja kwa subira. Fundi akasema atarekebisha presha ya breki za nyuma na watajaribu uwanjani kwanza, si barabarani. Nikamwapisha mbele ya watu.

Tano, karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kadi ya Noah ni ya chasisi ya Noah, haiwezi kuvalishwa kobe wa bomba za mraba. Andikisheni hati ya mauziano yenye namba ya injini, ili isije ikawa injini ya wizi, na kabla ya kupaka rangi nendeni TRA na kwa askari wa usalama barabarani mkaulize gari la kujiundia linakaguliwa na kusajiliwaje. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973, haikuanza na mpwa wangu na haitaishia kwake.

DADA ANASEMAJE?

Jioni tukaenda kwa dada, mimi nimetangulia kama ngao. Nikamweleza yote, Supra, mlima, chaki, Noah. Dada akasikiliza huku anachambua maharage, hajainua uso.

"Hiyo maiti ya Noah inachukua kiasi gani cha hela?"

Mpwa akataja. Dada akachambua maharage mengine matatu.

"Inayobaki inatosha pampu?"

"Pampu ya mtumba, mama. Na mimi mwenyewe nitaifungua niitengeneze. Fungu la breki silo, hilo mjomba ameniapisha."

"Basi sikiliza. Injini ya kwanza kuwaka ni ya kwangu. Siku maji yakifika kwenye kitunguu cha mwisho kule Mang'ola, ndiyo uwashe hicho kitanda chako."

Ikawa hukumu, na rufaa haipo. Jumatatu mzoga ukanunuliwa, hati ikaandikwa, mashahidi ni mimi na muuza karanga. Jumatano pampu ikafunguliwa palepale gereji, valvu zikasagwa, ikafungwa. Alhamisi mpwa akateremka nayo Mang'ola. Dada kanipigia simu jana usiku, nilichosikia kwanza ni mngurumo, halafu sauti yake inashindana na pampu, "Unasikia? Unasikia?"

Nimesikia, dada.

Injini ya Noah kwa sasa imekaa juu ya matofali, imefunikwa turubai, inasubiri zamu yake. Mpwa ananiambia pua ya gari ina nafasi ya kutosha, ila amegundua rejeta ya Noah ni ndefu kidogo kuliko alivyopima, na anataka kuja kwangu Jumamosi.

Anasema anataka mawazo. Pochi nimeshaifunga. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.